Mkaa Uliokwisha Moshi

Mwezi wa Juni ukifika Njombe, Makete na Mufindi, jiko la mkaa huongezewa kazi. Mchana ni la kupikia, usiku ni la kuotea. Ndivyo ilivyo pia Lushoto na Rungwe, na ng'ambo ya mpaka huko Limuru na Kinangop, ambako Julai jua linaweza kuadimika kutwa nzima. Kila nyumba ina kanuni yake ya usalama, ambayo mama humwachia binti: jiko lisiingizwe ndani likiwa bado linafuka. Liache nje, lipepee, mkaa ushike sawasawa. Makaa yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha, hapo libebe uliingize.

Nina ugomvi na kanuni hiyo. Wengi wanaokutwa wamefia chumbani pamoja na jiko hawakuwa wazembe. Waliifuata kama walivyofundishwa.

Tatizo lake ni kwamba inamfundisha mtu kuogopa moshi, na mkaa ni kuni zilizokwisha kutolewa moshi. Mchoma mkaa hupanga magogo, akayafunika kwa nyasi na udongo, kisha akayaacha yaungue polepole kwa siku kadhaa bila hewa ya kutosha. Ule moshi mzito unaouona ukitoka kwenye tanuri ni maji, lami na mafuta ya mti yakiondoka. Kinachobaki, kwa sehemu kubwa, ni kaboni. Kwa hiyo anayenunua gunia la mkaa ananunua kuni zilizoondolewa kitu ambacho kingemwamsha usiku. Moshi wa kuni siusifii. Umeharibu mapafu ya akina mama na watoto wengi wanaoshinda jikoni. Lakini unakohoza, unatoa machozi, unakufukuza nje. Hewa inayotoka kwenye kaa jekundu haikufukuzi.

Hewa hiyo ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Wala siyo ile hewa ukaa tunayoitoa tunapopumua na inayotajwa kila siku kwenye habari za mabadiliko ya tabianchi. Hiyo ni kaboni dayoksidi. Namna inavyozaliwa unaweza kuishuhudia kwenye jiko lako mwenyewe. Chini, kwenye matundu ambamo hewa inaingia, mkaa unaungua na kutoa kaboni dayoksidi. Gesi hiyo ikipanda katikati ya makaa yenye joto kali, inanyang'anywa sehemu ya oksijeni yake na kugeuka kaboni monoksidi. Ikifika juu ikakuta joto na hewa ya kutosha, huungua tena. Vile vindimi vya buluu vinavyocheza juu ya mkaa uliokolea ni sumu hiyo ikiungua mbele ya macho yako. Vindimi vikizimika na makaa yakavikwa majivu meupe, usidhani gesi imekoma kutoka. Huenda imekoma kuungua tu. Na ndiyo saa tunayolibeba jiko kwenda chumbani, ugali umeshaiva, mboga imeshaepuliwa, na moto uliobaki tunaona ni hasara kuuacha nje.

Ikivutwa, gesi hiyo hupita kwenye mapafu na kuingia kwenye damu, ambako kuna himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kuipeleka mwilini. Himoglobini huishika kaboni monoksidi kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 hadi 250. Ni kama abiria anayepanda daladala, akakaa, na kila kituo akakataa kushuka. Gari linaendelea kuzunguka limejaa, na wenye safari wamebaki barabarani. Moyo unapiga, mapafu yanapumua, damu inatembea, ila ubongo na moyo wenyewe havipati oksijeni ya kutosha. Hata ile iliyofanikiwa kupanda hushuka kwa taabu, maana gesi hii huifanya himoglobini ing'ang'anie oksijeni kidogo iliyonayo.

Mfaransa Claude Bernard alilieleza jambo hili la damu katika miaka ya 1850. Aliyetuonyesha linavyohisiwa ni John Scott Haldane wa Uingereza, ambaye mwaka 1895 alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alivuta gesi hiyo, akawa anapima damu yake, mpaka akafika hatua ya kushindwa kutembea bila kupepesuka. Anayekaa kimya hujiona yu mzima, au mchovu tu. Ni pale anapotaka kutumia misuli ndipo hugundua kwamba hana nguvu. Ndiyo maana baadhi ya waathirika hukutwa sakafuni, hatua chache kutoka mlangoni. Pengine walitambua kuna jambo, wakanyanyuka, miguu ikakataa.

Babu zetu waliota moto ndani ya nyumba vizazi na vizazi, na msomaji anaweza kuuliza mbona wao hawakufa. Wapo waliokufa, bila shaka. Lakini nyumba ya nyasi hupumua paa zima, na nyumba ya udongo ina nafasi kati ya ukuta na mapaa. Leo tunaweka dari la jipsamu, madirisha ya vioo na aluminiamu, vigae sakafuni, halafu tunasokota kanga chini ya mlango ili baridi isipite. Nyumba tumeiziba, ila jiko ni lile lile. Na dirisha lililoachwa wazi upana wa kidole halitoshi kitu. Kulala chini au kupanda kitandani hakubadilishi lolote pia, kwa kuwa uzito wa gesi hii unakaribiana sana na wa hewa ya kawaida, hivyo husambaa chumba kizima.

Wanaoathirika si wanaoota moto peke yao. Kuna mlinzi wa usiku kwenye kibanda cha bati, na mkaa wake kwenye kopo la rangi. Kuna dada wa kazi aliyeinjika maharage jioni, mvua ikaanza, akaliingiza jiko kwenye chumba anacholala ili yaendelee kuchemka polepole. Kuna mfugaji aliyelala bandani na vifaranga wake wa siku tatu na jiko la kuwapa joto. Kuna mzazi aliyetoka kujifungua, na hapa desturi zetu zina la kujibu: katika jamii nyingi mama na mtoto hufungiwa chumba cha joto, jiko likiwa karibu na kitanda, pazia limeshushwa, na wageni huambiwa wafunge mlango upesi upepo usimguse mzazi. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo sumu humwingia upesi zaidi.

Injini za petroli zina hatari ile ile kwa kasi kubwa zaidi. Jenereta ndani ya duka lililofungwa, gari linalounguruma gereji, pampu ya maji iliyoshushwa kisimani au kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Hata gesi ya kupikia haina msamaha kamili: mtambo wa kuchemshia maji ya kuoga kwa gesi, ukifungwa bafuni pasipo bomba la kutolea hewa chafu nje, unaweza kumwangusha mtu akiwa na sabuni mwilini.

Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya watu wafikiwe na nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo jema. Lakini aliyeko Makete na watoto wanne anaulizia usiku wa leo. Jibu la usiku wa leo ni hili: pasha chumba joto mapema mlango na dirisha vikiwa wazi, watu wakiwa macho, kisha toa jiko nje kabisa kabla ya yeyote kulala. Siyo kulisogeza koridoni, siyo kulifunika kwa sufuria. Nje. Baada ya hapo ni blanketi, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Utasikia pia ushauri wa kuweka beseni la maji kando ya jiko ili linyonye sumu. Halinyonyi, kwa sababu kaboni monoksidi haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kumsaidia mtu.

Hili si tatizo la ujinga wa Kiafrika, kama wengine wanavyopenda kudhani. Januari 1993 dhoruba ilikata umeme Seattle na vitongoji vyake huko Marekani, na makumi ya watu wakafikishwa hospitali kwa sumu ya mkaa waliouwasha ndani. Wengi wa waliotumia mkaa walikuwa wahamiaji wasiojua Kiingereza. Desemba 2006 dhoruba nyingine ikarudisha yale yale, safari hii na vifo. Somo lililopatikana ni kwamba onyo liwe picha, na leo mifuko ya mkaa inayouzwa huko ina michoro inayokataza kuuwasha ndani ya nyumba. Gunia letu linatoka porini halina hata herufi moja. Mtu pekee anayekutana na kila mnunuzi ni muuza mkaa wa kibandani, anayeupima kwa kopo na ndoo, na sijaona kampeni yoyote ya afya iliyomkumbuka huyo.

Sasa tuje kwenye kuitambua sumu hii, maana hapa ndipo wengi hupotea. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kuishiwa nguvu. Kwetu orodha hiyo ina jina moja: malaria. Mtu anaamka na kichwa kinagonga, anakunywa dawa, anarudi kulala kwenye chumba kile kile chenye jiko lile lile. Kipimo nacho kinaweza kumpoteza mganga, kwa sababu maeneo yenye malaria nyingi watu wapo wanaotembea na vimelea bila kuumwa. Majibu ya malaria yakitoka chanya, hayafuti habari ya jiko.

Kwa hiyo uliza maswali ambayo malaria haiyajibu vizuri. Je, mwili una joto? Sumu hii kwa kawaida haileti homa. Je, wameugua wengi kwa pamoja? Malaria haiwapati watu wanne wa chumba kimoja alfajiri moja. Je, mgonjwa akikaa nje, au akienda kazini, anapata nafuu, na akirudi ndani jioni kichwa kinarejea? Je, paka au kuku wanaolala humo wamelegea nao? Jibu la ndiyo kwenye moja ya maswali haya matatu ya mwisho linatosha kuwatoa watu nje kabla ya kuuliza jingine. Sumu ikizidi, mtu hubabaika kama mlevi, hujibu ovyo, huona kiwi, kifua humbana, huzirai, pengine akapata degedege. Wapo wanaosubiri kuona ngozi ikigeuka nyekundu kwa vile walisoma mahali. Wasisubiri. Wekundu huo ni nadra kwa aliye hai, na kwenye ngozi nyeusi ni shida kuuona.

Asubuhi watu wanapokutwa wamekufa bila jeraha wala dalili ya vurugu, maneno huanza kabla polisi hawajafika. Walilishwa kitu. Wamerogwa. Wamekorofishana na jirani. Tuhuma hizo ni za kale kuliko tunavyodhani. Julian, aliyekuja kuwa mfalme wa Roma, aliandika jinsi alivyoletewa makaa chumbani wakati wa baridi kali mjini Paris, akazidiwa, akabebwa nje, akatapika, akapona. Na lawama akaitupia unyevu wa kuta. Mrithi wake Jovian hakubahatika. Alikutwa amekufa kitandani Februari 364, safarini huko Asia Ndogo, na mwandishi Ammianus alipoorodhesha sababu zilizosemwa alitaja harufu ya plasta mbichi, wingi wa chakula alichokula jioni, na makaa. Nina hakika wangekuwapo wapangaji wenzake wa uswahilini, orodha ingekuwa ndefu zaidi.

Ukiwakuta watu katika hali hiyo, jambo la kwanza ni kutokufa wewe. Piga kelele majirani waje. Fungua mlango wazi kabisa, vunja kioo cha dirisha kutokea nje, uache hewa ipite. Ukiona unaweza kumfikia mtu na kumburuta upesi, vuta pumzi ya kutosha ukiwa nje, ingia huku mwenzako akikuangalia, mshike chini ya makwapa umvute. Kichwa kikikuzunguka, toka. Usikae ndani kumtikisa, kumwita jina, kumtafutia nguo au kumpepea. Yote hayo yafanyike nje. Jiko litolewe baada ya watu, na lisimwagiwe maji humo ndani. Kisimani au kwenye duara sheria ni kali zaidi: hakuna kushuka kumfuata aliyeanguka. Mara nyingi anayefuata huwa maiti ya pili, na kaka yake anayemfuata huwa ya tatu. Zima injini, vuta kamba kama alifungwa, na waite waokoaji wenye mitungi ya hewa. Tanzania Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa 114; Kenya piga 999 au 112.

Akishakuwa nje, mtazame kifua. Kama anapumua lakini hajitambui, mlaze ubavu, kichwa kikielekea nyuma kidogo na mdomo ukitazama chini ili matapishi yatoke, mfunike asipigwe na baridi, legeza nguo za shingoni, na usimwache peke yake. Kama hapumui, au anatweta mara moja moja kama samaki nchi kavu, anza kubonyeza kifua: katikati ya kifua, viganja viwili kimoja juu ya kingine, kwa mtu mzima kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukijua kumpulizia, puliza mara mbili kila baada ya kubonyeza mara 30. Huyu amekosa oksijeni, kwa hiyo pumzi zako zina kazi kubwa. Usiache mpaka aanze kupumua au mwenye ujuzi akupokee.

Na maziwa? Maziwa tunayapenda mno. Mtu akila sumu, maziwa. Akivuta sumu, maziwa. Sumu hii haikupitia tumboni, haiko tumboni, na maziwa hayataikuta huko. Kwa aliyezirai, kikombe hicho kinaweza kuingia mapafuni kikamaliza kazi ambayo mkaa haukuimaliza. Vivyo hivyo maji ya kunywa, mafuta ya kula, na chai ya tangawizi. Dawa ni hewa safi, kisha oksijeni. Wala asiambiwe alale apumzike, asubuhi atakuwa salama. Wote waliokuwa ndani wapelekwe hospitali, akiwamo anayesema yeye hana neno, na mjamzito asibaki nyuma hata akijisikia vizuri, kwa sababu sumu hujikusanya kwa mtoto tumboni na huchelewa kumtoka kuliko inavyomtoka mama.

Mkifika mapokezi, sentensi ya kwanza iwe hii: tulikuwa na jiko la mkaa ndani. Isemeni kabla ya jina na umri. Sababu ni kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, ambacho tangu enzi za UVIKO-19 kimejaa kwenye zahanati na hata majumbani. Kifaa hicho hupima oksijeni kwa kuangalia rangi ya damu kwa mwanga, na damu iliyobeba kaboni monoksidi hukiletea picha inayofanana sana na ya damu iliyobeba oksijeni. Kitaonyesha 98, muuguzi ataona mambo shwari, na mgonjwa atarudishwa benchi akisubiri zamu. Mashine inayotofautisha ipo kwenye hospitali chache kubwa, na hata hiyo ikichelewa inaweza kukuta kiwango kimeshashuka ilhali madhara yamebaki. Kwa hiyo mganga mzuri huamini simulizi kwanza, akaweka oksijeni mara moja kwa barakoa yenye mfuko wa akiba, kwa kiwango cha juu kabisa ambacho mashine inaweza kutoa, bila kusubiri majibu.

Tofauti inayoletwa na barakoa hiyo inahesabika. Kwa hewa ya kawaida, mwili huhitaji takribani saa nne hadi sita kupunguza nusu tu ya sumu iliyomo kwenye damu. Kwa oksijeni kamili ya barakoa, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Kuna pia chemba za shinikizo, ambamo nusu hiyo hutoka ndani ya nusu saa hivi, lakini ukanda wetu chemba hizo ni za kuhesabika, nyingi zikiwa zimewekwa kwa ajili ya wapiga mbizi. Zahanati yenye oksijeni iliyo karibu ni bora kuliko chemba iliyo mbali.

Kuruhusiwa kurudi nyumbani nako kusichukuliwe kuwa mwisho wa habari. Baadhi ya waliopona huanza kubadilika baada ya siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Mama aliyekuwa hodari wa hesabu za genge anasahau chenji. Baba anatembea kwa kuburuta miguu, anakasirika bila sababu, au anakojoa kitandani. Kwa kuwa tukio la jiko limeshapita na kila mtu ameshashukuru Mungu, hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili, na familia inaanza safari za waganga wa kienyeji. Ni jeraha la ubongo linalojulikana, na wengi wao huendelea kupata nafuu kadiri miezi inavyopita. Anayeishi naye amwangalie kwa mwezi na zaidi: anakumbuka alichotumwa dukani? Anafunga vifungo vya shati? Anatembea kama zamani? Akiona kasoro amrudishe hospitali, si kwa mganga mwingine, bali pale pale penye faili lake, na aseme tena habari ya jiko, maana zamu itakuwa imebadilika.